Uzi Mmoja Pungufu

Kuna watu waliojaliwa sauti, na wengine wamejaliwa mbio. Kaluki wa Mukuyuni alijaliwa wivu, na kama ilivyo kwa vipaji vyote, alianza nao mapema na kuufanyia mazoezi kila siku. Haukuwa wivu wa kelele. Hakupiga mtu wala hakumroga yeyote. Angalau hakuna aliyelalamika. Alichofanya ni kutazama. Jirani akiezeka bati jipya, Kaluki alilitazama mpaka mwenye bati akaanza kujitetea. Mdogo wake alipojifungua pacha, Kaluki alipeleka uji, akawapakata wote wawili, akasema wanafanana sana, kwa sauti ya mtu aliyegundua kasoro.

Alizaliwa Kitui, upande wa Mutomo, akaolewa Makueni na Kyule, mwanamume mpole aliyekuwa na ng'ombe wachache na maneno machache zaidi. Watu wa huku wakisifu mwamba wao wa Nzaui, Kaluki alikuwa na jibu moja: "Nzambani ya kwetu ni kubwa." Kuona wivu kwa niaba yako mwenyewe ni jambo la kawaida. Kuona wivu kwa niaba ya jiwe kunahitaji moyo.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakumwonea mtu wivu, napo ni kwenye vyondo, vile vikapu vya mkonge vya kusukwa kwa mkono. Hapo wivu ulikuwa wa wenzake, naye aliwaruhusu. Alisokota mkonge pajani ukatoka uzi mwembamba hivi kwamba wanunuzi waliuliza kama ni wa mashine, swali alilolichukua kama tusi na kulisimulia kama sifa. Vyondo vyake vilikwenda Nairobi, na kutoka Nairobi, watu walisema, vilipanda ndege. Yeye hakupanda. Wala jina lake halikupanda. Kiondo kikishauzwa huitwa kiondo cha Kikamba, kana kwamba kabila zima liliketi pamoja likakisuka.

Ndiyo maana Mwalimu Farhiya alipokuja Mukuyuni, Kaluki alifika ukumbini mapema kuliko mwenye ufunguo.

Farhiya alikuwa kijana wa Garissa, binti wa mfanyabiashara wa ngozi, aliyesomea sanaa Nairobi na kupewa kazi ya kuendesha warsha za watu wazima kila Alhamisi. Wiki ya kwanza ukumbi ulijaa, kwa kuwa ilivuma kwamba ni semina, na semina huwagawia watu nauli. Wiki ya pili walibaki wale waliotaka kujifunza, pamoja na mzee Mulwa wa Kasikeu, aliyekuwa amestaafu uchinjaji na hakuwa na pa kwenda siku ya Alhamisi.

"Tutafanya kazi kutokana na Nzaui," Farhiya aliwaambia. "Mchoro, udongo, kiondo, chochote. Kule chini ya mlima wamejenga nyumba ndogo ya maonyesho ya wageni. Kazi zenu zote zitapangwa rafuni. Moja itatundikwa ukutani, mkabala wa mlango, ili kila anayeingia aione kwanza. Na chini yake, jina la aliyeitengeneza. Herufi kubwa."

Kaluki alisikia neno jina. Hayo mengine aliambiwa baadaye na Muthoki.

Muthoki alikuwa jirani yake na msukaji wa pili kwa ubora, cheo kilichomfanya awe na ulimi wa kwanza. "Ukuta ni wako, Mama Ndanu," alimwambia Kaluki, akimwita kwa jina la mwanawe, wakirudi nyumbani. "Sisi wengine tutakuwa rafuni na panya."

"Usiseme hivyo," Kaluki alisema, akimaanisha aseme tena.

Wiki ya tatu akaingia Wariara.

Wariara, au Mama Kiama, alikuwa mke wa Wahome wa hadiwea. Walitoka upande wa Nyeri, wakaanza na kibanda cha misumari Malili kwenye barabara kuu, na sasa walikuwa na duka lenye simiti, rangi na mabati hapo Mukuyuni. Kaluki alikuwa amemtazama kwa muda mrefu na alijua vya kuonea wivu vilikuwa wapi. Sakafu yake ilikuwa na vigae. Mume wake alimshikia mwavuli. Akicheka hakufunika mdomo. Na sasa aliingia ukumbini na penseli mpya, akakaa mbele, akasema, "Mimi, Mwalimu, sijui kitu hata kimoja," akacheka.

Hilo ndilo lililomuudhi Kaluki zaidi. Wengine walikuwa hawajui pia, lakini waliona haya.

Siku waliyopanda Nzaui, Farhiya aliwapeleka kwenye mwamba wenye alama zinazosemwa kuwa ni nyayo za mtu wa kwanza na mkewe na mifugo wao, walipotua duniani jiwe likiwa bado laini. Akawaambia wakae, wasichore bado, watazame tu. Kaluki alijiona yuko nyumbani. Kutazama alikuwa anakujua.

"Hii ni ya mbuzi," Mulwa alisema, akiinama.

"Mzee, unajuaje?" Farhiya aliuliza.

"Nimechinja wangapi? Hii ni ya mbuzi. Na alikuwa na mimba."

Wakacheka wote. Kisha Wariara, ambaye alikuwa amekaa amekumbatia magoti, akauliza, "Sasa hawa watu walikuwa wanaenda wapi?"

Farhiya aligeuka. "Sema tena, Mama Kiama."

"Nasema tu. Mtu ameshuka, hajui mahali, hana jirani. Alianza kutembea akielekea wapi?"

"Hilo ndilo swali," Farhiya alisema. "Mmesikia? Kila mtu aende nalo nyumbani."

Kaluki alikuwa ameishi na habari za nyayo hizo tangu aolewe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zilikuwa na swali. Mtu wa Nyeri alikuja na kulikuta limelala hapo juu ya jiwe la Wakamba, akaliokota. Kaluki aliteremka mlima akiwa nyuma ya wote. Muthoki alipomuuliza kama magoti yanamuuma, alisema Nzambani ina ngazi.

Alhamisi iliyofuata, Wariara alitangaza kwamba angetaka kusuka kiondo.

"Wewe?" Muthoki aliuliza. "Aiya! Umewahi kushika mkonge?"

"Tunauza kamba dukani," Wariara alisema, na ukumbi ukacheka tena, wakicheka naye. Kisha akamwendea Kaluki, akasimama mbele yake kama anayebisha hodi. "Mama Ndanu. Nimeambiwa mtu hajianzishii. Nimekuja unianzishie."

Hapa inabidi msomaji asiyesuka aelezwe. Kiondo huanzia kwenye kitako, na kitako ndicho kazi. Nyuzi za kusimama hukutanishwa katikati, zikaongezwa kidogo kidogo kadiri duara linavyopanuka, na idadi yake huamua kila kitakachotokea juu. Mwanafunzi haachiwi jambo zito hivyo. Huanzishiwa na mkono unaojua, mpaka pale kitako kinapojikunja na kupanda kuwa ukuta wa kiondo. Kisha hukabidhiwa aendelee. Anayeombwa hakatai, maana kukataa ni kusema unaogopa kufikiwa. Na aliyeanzishiwa hafumui. Kufumua kitako ulichoanzishiwa ni kama kumrudishia mtu chakula chake mlangoni ukiwa umekionja.

Kwa hiyo Kaluki alisema, "Lete uzi."

"Nataka nyayo zizunguke," Wariara alisema. "Nyeusi juu ya kahawia. Jozi kwa jozi."

"Zitazunguka."

Alikianza kitako hicho nyumbani kwake, mchana, mlango ukiwa wazi, akiwa ameketi mahali anapoonekana na kila mpita njia. Hakuna uovu uliowahi kufanywa hadharani namna hiyo. Nyayo za jozi zinahitaji nyuzi za kusimama zigawanyike sawasawa, ili ukizungusha mara moja, mchoro ukutane na ulipoanzia, na mzunguko unaofuata ukae juu ya ule wa chini kama tofali juu ya tofali. Kaluki alizihesabu kwa vidole, kwa macho, na kwa mdomo. Zilipotimia, akatoa moja. Aliificha ncha yake kwa ustadi ambao, kama ungetumika kwa jambo jema, ungestahili zawadi.

Uzi mmoja haumdhuru mtu. Kiondo kitabeba mahindi vilevile. Lakini mchoro hautakutana. Kila mzunguko utachelewa kwa uzi mmoja, mistari italala, na kufikia mdomoni nyayo zitakuwa zimetawanyika kama watu waliotoka kilabuni. Kwa msukaji yeyote wa huku, kiondo ambacho mchoro wake haukutana si kiondo. Ni kikapu cha kuchukulia viazi.

Kyule alipita na ndoo, akasimama. "Hicho ni cha nani?"

"Mama Kiama."

"Unamsaidia?"

"Ndiyo."

Kyule alimtazama mkewe kwa muda, akasema, "Haya," akaenda kwa ng'ombe. Walikuwa wameoana muda mrefu.

Siku chache baadaye Wariara alikuja nacho kikiwa kimepanda kiasi cha kiganja. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge, na pajani, alikokuwa akisokotea uzi, palikuwa pamechubuka mpaka akakaa kwa upande.

"Mama Ndanu, mbona nyayo zangu zinahama?"

Kaluki alikichukua. Mkono ulikuwa wa mwanafunzi: mahali pengine pamebana, pengine pamelegea. Lakini nyayo zilikuwa zimeanza kuteleza upande, vizuri kabisa, kama alivyopanga.

"Kiondo cha kwanza huwa hivyo," alisema. "Endelea."

"Nisifumue kidogo nione?"

"Ufumue nini? Kitako changu?"

"Hapana, woiye! Hapana." Wariara alikichukua, akakigeuza, akahesabu kitu kwa midomo. Akamtazama Kaluki. "Basi nitaendelea," alisema.

Kaluki alimpa chai, na wiki hiyo alilala vizuri.

Chake mwenyewe kilikuwa kimekwisha. Kilikuwa kiondo bora alichowahi kusuka. Jozi za nyayo zilikizunguka safu kwa safu, kila unyayo umekaa juu ya mwenzake bila kupotoka hata kwa unywele, na mahali mzunguko ulipokutana hapakuonekana kwa jicho wala kwa kucha. Muthoki alipokiona alinyamaza, na kunyamaza kwa Muthoki kulikuwa cheti.

Siku ya kuchagua, kazi zote zilipangwa juu ya meza za ukumbi. Mulwa alileta mbuzi kumi na wawili wa udongo, wote wakitazama upande mmoja. Farhiya alipita polepole, mikono nyuma. Alifika kwenye kiondo cha Kaluki, akakiinua kwa mikono miwili.

"Safi," alisema. "Mama Ndanu, kazi safi sana."

Kaluki alingoja. Safi ni neno la kuambiwa sakafu. Lazima lilikuwa na mwenzake nyuma. Lakini Farhiya alikiweka chini, akasogea, akakiinua cha Wariara.

Alikigeuza. Akaendelea kukigeuza, na kadiri alivyokigeuza ndivyo nyayo zilivyotembea. Zilianzia chini kwenye ukingo wa kitako, jozi kwa jozi, zikapanda zikizunguka, kila hatua imesogea kidogo mbele ya ile ya chini, njia moja isiyokatika, kutoka kitakoni mpaka mdomoni, na pale mdomoni zikatoka nje ya kiondo zikielekea mahali ambapo uzi haukufika. Pale mkono wa Wariara ulipolegea, wale watu walikuwa wamechoka. Pale ulipobana, walikuwa wameharakisha.

"Wanaenda," Mulwa alisema. Alikuwa amekuja nyuma ya Farhiya bila kuitwa. "Tazameni. Hawa wanaenda kweli."

Watu walijongea. Farhiya alikigeuza tena kwa ajili yao. Mtu mmoja alisema kwamba kwenye kile cha pale, akimaanisha cha Kaluki, watu ni kama wamesimama kwenye gwaride. Alisema kwa nia njema kabisa.

Kaluki alitazama. Hicho ndicho alichojua kufanya, na kwa mara ya kwanza maishani kilimshinda. Alitaka kuangalia pembeni. Jicho lilirudi lenyewe, likapanda na zile nyayo mpaka mdomoni, likashuka, likapanda tena. Kilikuwa kizuri. Uzuri wote ule ulitoka kwenye uzi mmoja ambao haukuwepo, na uzi huo alikuwa ameutoa yeye, na hakuna mtu duniani angeweza kumpongeza.

"Basi nadhani sote tumeona," Farhiya alisema. "Ukutani ni hiki. Mama Kiama—"

"Mwalimu, ngoja." Wariara alisimama. "Hicho si changu chote. Kitako alianzisha Mama Ndanu. Mimi nilizungusha tu. Mwendo wa nyayo uko kwenye kitako. Nisipoandikwa naye nitakuwa nimeiba."

Vichwa vyote viligeuka. Farhiya alikigeuza kiondo juu chini, akapitisha kidole kitakoni. "Mama Ndanu, hii uliifanya vipi? Ulifikiriaje?"

Jibu lilikuwa rahisi na lilikuwa mlangoni limeshavaa viatu, tayari kutoka. Angesema: nilifikiria lile swali la siku ile, nikaona njia. Jina lake lingepanda ukutani, nusu ya ukuta ingekuwa yake kwa haki, na Wariara mwenyewe angempigia makofi. Kaluki alifungua mdomo. Lakini Muthoki, ambaye alikuwa msukaji wa pili kwa ubora, alikuwa ameshakichungulia kitako na kuhesabu.

"Afikirie nini?" Muthoki alisema. "Kuna uzi umepungua hapa. Mama Ndanu amekosea hesabu. Ni macho hayo, dada yangu. Hata mimi siku hizi nahitaji miwani."

Kikapita kicheko kidogo, cha huruma. Wanawake wawili watatu walitikisa kichwa kama wanavyotikisa msibani.

Mtu mwingine angeacha hapo. Kukosea si dhambi. Kila mtu hukosea, na mkosaji aliyeleta uzuri namna ile ni mkosaji wa bahati. Lakini wao walikuwa wanasema kwamba Kaluki wa Mutomo, kwenye kitako, mchana, amekosea hesabu.

"Sikukosea," alisema.

"Si kitu, Mama Ndanu, sisi sote—"

"Muthoki, nimesema sikukosea. Mimi sikosei. Niliutoa. Nilizihesabu mara tatu, zikatimia, nikatoa mmoja kwa mkono wangu huu." Aliuinua mkono ili pasiwe na shaka ni upi. "Niliutoa ili kiharibike."

Nje mtu alikuwa akipakua mabati, na yalisikika moja moja.

"Kiharibike kwa nini, Mama?" Farhiya aliuliza taratibu.

"Kwa sababu yeye ana vigae," Kaluki alisema. Hata kwake mwenyewe halikusikika kama jibu zuri, lakini alikuwa ameshaanza. "Na alikuja hapa hajui kitu, akakaa mbele, akauliza lile swali. Mimi nimeishi chini ya jiwe hilo. Sasa hata nilipomharibia, nimemtengenezea."

Muthoki alifunika mdomo. Mulwa, ambaye maisha yake yote alikuwa ameshughulika na viumbe wasiojieleza, alimtazama kwa heshima.

"Nilijua," Wariara alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba umetoa. Si niliuza misumari Malili miaka yote hiyo? Mtu anayeuza vitu vidogo anajua kuhesabu. Nilipokuletea nyumbani, nilihesabu mbele yako."

"Na hukufumua?"

"Nifumue kitako cha Kaluki? Mimi?" Wariara alicheka, na kwa mara ya kwanza alifunika mdomo. "Kila mwanamke hapa ana kiondo kilichoanzwa na mkono wako. Mimi ndiye sina. Hata kama ungekianza kwa sumu, ningekizungusha. Unafikiri niliingia darasa hili kwa nini? Nilikuwa na wivu mpaka nakosa usingizi."

Kaluki alimtazama kwa makini. Alijua bidhaa hiyo na alijua bandia yake. Haikuwa bandia.

Farhiya alikohoa. Alisema kwamba kwa upande wake kiondo ni kilekile, kinatundikwa, na kilichobaki ni kibandiko. Majina mawili, kama hakuna anayepinga.

"Langu lianze," Kaluki alisema.

"Mama Ndanu!" Muthoki alipiga kelele. "Hata aibu ya dakika mbili?"

"Kitako hutangulia ukuta. Muulize fundi yeyote."

"Lake lianze," Wariara alisema. "Mnaona sasa ninachoonea wivu?"

Waliandikwa hivyo, na Mulwa akasema ni mara ya kwanza kuona mwizi na aliyeibiwa wakipewa risiti moja. Wengine walikwenda kwenye chai, wakiongea kwa sauti ya chini iliyosikika kote. Kaluki alibaki kwenye benchi la nje peke yake, kama alivyotarajia. Hakutarajia kwamba Wariara angekuja na vikombe viwili, akae pale pale, kwa upande, kwa sababu ya paja.

Walikunywa. Mbele yao duka la Wahome lilikuwa wazi, na Wahome mwenyewe alikuwa akimpimia mtu waya.

"Wivu wa nini hasa?" Kaluki aliuliza bila kugeuka.

"Eh?"

"Umesema unakosa usingizi. Ni nini hasa?"

Wariara alifikiri. "Uzi wako. Paja lako halina hata alama. Mzee Kyule: hajawahi kukuuliza umechelewa wapi. Kuitana kwenu na Muthoki kutoka ng'ambo ya boma, mimi hakuna anayeniita kwa kelele." Alipuliza chai. "Na ukiingia mahali popote, hata kanisani, watu wanasogea wakupe kiti. Mimi nikiingia wananiuliza bei ya simiti."

Kaluki aliweka kikombe chini. Alimsogelea kidogo kwenye benchi, ili asikie vizuri.

"Hiyo ya kiti," alisema. "Hebu rudia polepole."